Vigingi

Kadi niliinunua Makoroboi, chini ya mwavuli wa Bwire,
anayeuza chaja, nyembe na betri za saa.
Imeandikwa sitini na nne kwa rangi ya dhahabu,
nayo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho.
Nimeibeba kwa kibanio cha nyusi cha dada.

Usiku, Mabatini, juu kabisa kwenye mawe,
luku inasoma sufuri nukta mbili.
Itatosha nikizima feni.
Nikizima na taa, itatosha zaidi.

Naichomeka. Kumbe ndani mna watu:
bibi harusi aliyefumba macho wakati wenzake wakicheka,
mahubiri ya saa tatu,
mwanamume anapima sangara huku akiitukana mizani,
na folda moja, kwa herufi kubwa: USIFUTE.
Naifungua.
Ndani ya USIFUTE hamna kitu.

Nampigia Bwire. Uliniambia mpya.
"Mpya kwako," anasema. "Futa tu, wenyewe wameshasahau."

Nilidhani kufuta kuna kelele.
Kompyuta inauliza mara moja tu, kwa adabu ya karani:
una uhakika?
Naikagua herufi mara tatu. Ni b, si a,
maana a ni diski yenyewe,
na mwaka juzi, mkono ulipolitangulia jicho,
niliifuta tasnifu ya Nkwimba, kurasa tisini,
na Nkwimba hajanisemesha hadi leo.
B.
Ndiyo.

Sasa ni kiwanja kitupu. Nagawa.
Mbele kipande cha kuwashia, mega mia mbili hamsini na sita,
kibaraza tu, cha kuvulia viatu;
kinachobaki chote ni nyumba.
Namba ya kuanzia, namba ya kuishia,
hapana shahidi, hapana mwenyekiti wa mtaa wa kununuliwa soda,
hapana baba mdogo Lugembe wa kuja usiku kuhamisha kigingi.

Kwetu Kayenze shamba la babu tumeligawana miaka sita.
Mpimaji alikuja na kamba yake, akala, akarudi tena, akala.
Karatasi ikasema: hatua themanini, barabarani hadi majini.
Kisha ziwa likafura. Likapanda polepole kama mgeni asiyeaga,
likala ishirini,
na ndugu wakaendelea kugombania themanini.
Kigingi cha chini bado kipo, maji yakitulia unakiona:
furu wanaizunguka ile saruji,
wala hawaulizi ni ya nani.

Uandikaji umeanza. Asilimia tano. Tisa.
Kumi na mbili.
Hapo imegoma.

Naanza upya, inagoma palepale, kama punda kwenye daraja.
Ndipo naipima sekta kwa sekta, gizani, jasho likinitoka,
hadi inakiri:
si sitini na nne. Haikuwa kamwe.
Ni giga nane, tena nane zenyewe hazijatimia.
Dhahabu ile yote, na pwani yake imeishia hapa.

Basi, nang'oa vigingi.
Naviweka upya pale ukweli unapokomea,
kibaraza kilekile, nyumba ndogo.
Linux haina makuu. Ukiipa giga tatu inakunja miguu, inalala.
Na kazi yenyewe ni kuhesabu ndoo za dagaa za mama pale mwaloni Kirumba,
kwa sababu daftari limelowa mara mbili
na wadeni wake wanakumbuka kilichowafaa tu.

Mistari myeupe inateremka, inateremka, inasimama.
Inaniuliza jina la mashine.
Naandika: furu.

Kesho Bwire nitampelekea maneno, si kadi.

Luku inalia. Zimebaki dakika, labda tatu.
Kabla haijakata natengeneza folda moja, kwa herufi kubwa,
USIFUTE,
naifunga bila kuweka kitu.